Mpangaji mnunuzi: kila shilingi unayotoa inaitwaje?

Jirani yangu wa Magomeni, hapa Mtwara mjini, aliniletea daftari. Ni daftari la kaunta, lile lenye jalada gumu, na pembe zake zimelowa mafuta kwa sababu anauza samaki wa kukaanga na daftari hukaa humohumo kwenye kabati la vioo. Kila mstari una tarehe, kiasi cha fedha, saini yake na saini ya mwenye nyumba. Miezi 26. Kila mwezi shilingi 200,000, wakati nyumba kama ile mtaani kwetu inapangishwa kwa 100,000. Alikuwa analipa mara mbili kwa sababu yeye na mzee mwenye nyumba walikubaliana kwamba anainunua polepole, bei milioni 18.

Mzee alikuwa muungwana, hawakuwahi kukosana hata siku moja. Kisha mzee akafariki. Watoto wake wakaja, mmoja kutoka Dar es Salaam na mwingine kutoka Masasi, wakaomba kuona maandishi. Jirani yangu, mama huyo muuza samaki, akawapa daftari. Mstari wa kwanza: "Kodi ya mwezi wa tatu." Wa pili: "Kodi ya mwezi wa nne." Mpaka mwisho ni kodi, kodi, kodi.

"Mwanangu," akaniambia, "hebu nitazamie vizuri. Hakuna mahali pameandikwa nanunua?"

Nilifungua ukurasa baada ya ukurasa. Hapakuwa na mahali.

Naandika haya kwa sababu mama huyu hayuko peke yake. Maneno ya "hamia leo, lipa kidogo kidogo, nyumba iwe yako" yamekuwa mengi Mtwara na Lindi. Dalali anayasema, yanazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp, na vijiweni watu wanabishana mpaka kahawa inapoa. Mmoja anasema ni utapeli mtupu. Mwingine anasema ni mkopo usio na riba. Mwingine anaapa kwamba ukishakaa miaka 12 nyumba ni yako, upende usipende. Ukiwasikiliza kwa makini, kila mmoja anazungumzia kitu chake kwa jina lilelile.

Hesabu na mkataba

Nenda stendi ya Mkanaledi, tazama vijana wawili wa bodaboda waliopaki sambamba. Mmoja ni wa hesabu, mwingine ni wa mkataba. Wa hesabu anapeleka kwa bosi kiasi fulani kila siku, na pikipiki inabaki ya bosi hata akiiendesha miaka mitano. Wa mkataba anapeleka kikubwa kidogo kwa muda waliokubaliana, tuseme mwaka na miezi mitatu, na siku ya mwisho anakabidhiwa kadi, pikipiki inakuwa yake. Barabarani huwezi kuwatofautisha. Wote wanaamka alfajiri na wote wanapeleka fedha jioni. Kinachowatenganisha ni makubaliano ya ile fedha inaitwaje.

Mpangaji wa kawaida ni kijana wa hesabu. Mpangaji mnunuzi ni kijana wa mkataba: anakaa kwenye nyumba kama mpangaji, analipa kila mwezi, na fedha anazolipa, zote au sehemu yake, zinapunguza bei ya nyumba mpaka bei iishe. Jina hilo la "mpangaji mnunuzi" si la vijiweni. Taasisi za nyumba za serikali zenyewe zinalitumia.

Na kilio cha kijana wa mkataba tunakijua sote. Amebakiza mwezi mmoja, amechelewesha siku mbili, bosi anachukua pikipiki na hakuna kinachorudi. Kadi ilikuwa ya bosi muda wote. Kwenye nyumba kadi yetu ni hati, au karatasi za mauziano kama kiwanja hakijapimwa, na mpaka malipo ya mwisho karatasi hizo zina jina la mtu mwingine. Hilo ndilo jambo la kwanza kulielewa: unakaa ndani, umepaka rangi, umepanda mwembe uani, na bado mbele ya sheria wewe ni mpangaji mwenye ahadi. Ahadi hiyo ina nguvu kadiri ilivyoandikwa.

Nitatumia maneno manne, nayaeleza hapa ili tusipotezane. Kodi ni fedha ya kukaa. Ukishakaa, imeisha, hairudi. Bei ni thamani ya nyumba mliyokubaliana. Kianzio ni fedha unayotoa mwanzoni, kama tunavyosema kwenye bajaji au simu ya mkopo. Bakaa ni kile kilichobaki kwenye bei baada ya kutoa ulicholipa.

Aina mbili zinazochanganywa

Ya kwanza ni ile ambayo bei imegawanywa kwenye miezi, unalipa mpaka inaisha. Chukua nyumba ya milioni 30. Umetoa kianzio cha milioni 3, bakaa ni milioni 27. Ukiigawa kwa miaka 10, yaani miezi 120, ni shilingi 225,000 kwa mwezi. Mwezi wa 120 ukilipa, nyumba ni yako. Bila shaka muuzaji anayesubiri miaka 10 hakuuzii kwa bei ya mtu anayelipa taslimu leo. Ataongeza, ama kwenye bei yenyewe ama kwa kukata sehemu ya malipo iitwe kodi. Hilo si dhambi, ila lazima ulione kwenye karatasi.

Ya pili ndiyo inayoumiza watu, kwa sababu inafanana sana na ya kwanza. Nyumba ileile ya milioni 30, kianzio kilekile cha milioni 3. Unalipa 300,000 kwa mwezi, ambapo 150,000 ni kodi na 150,000 inakwenda kwenye bei. Muda ni miaka 5. Piga hesabu: 150,000 mara miezi 60 ni milioni 9. Ongeza kianzio, umelipa milioni 12 za bei. Bakaa ni milioni 18, na mkataba unasema mwisho wa mwaka wa tano uilipe kwa mkupuo au uondoke. Mfukoni mwako zimetoka milioni 21, na bado nyumba haijawa yako.

Mkataba wa aina hii unaweza kuwa mzuri kwa mtu anayejua kwa hakika milioni 18 zitatoka wapi: mafao yake yanaiva, au ana shamba la kuuza, au benki imeshamwambia atakopesheka. Kwa mtu anayesema "Mungu atajalia huko mbele", ni mtego. Mungu anajalia, lakini mkataba una tarehe.

Basi dalali akikwambia kuna nyumba ya kupanga na kununua, swali la kwanza liwe hili: nikimaliza muda, nitakuwa nimebakiza shilingi ngapi? Kama jibu ni sifuri, mko aina ya kwanza. Kama ni namba nyingine yoyote, muulize ailipe nani.

Kwa nini watu hawaendi benki

Kwa sababu benki haiwafungulii mlango, au inawafungulia mlango mwembamba. Tanzania ina mfumo wa mikopo ya nyumba. Kuna sheria yake maalumu ya mwaka 2008, na tangu 2010 kuna kampuni ya TMRC inayozipa benki fedha za muda mrefu ili zikopeshe wanunuzi wa nyumba. Pamoja na hayo, waliokopa kwa njia hiyo nchi nzima ni maelfu machache tu. Riba yake kwa miaka ya karibuni imekuwa kati ya asilimia 15 na 19 kwa mwaka. Zile milioni 27 ukizikopa kwa asilimia 17, ukalipa kwa miaka 15, ni karibu shilingi 415,000 kwa mwezi, na mwisho wa yote utakuwa umerudisha karibu milioni 75.

Tena benki inataka nyumba yenye hati safi, inataka hati ya mshahara au hesabu za biashara zinazosomeka, na inatazama kumbukumbu zako za mikopo. Muuza samaki wa Magomeni ana kipato kila siku, na pengine kwa mwaka anamzidi mwalimu mpya, lakini kipato chake hakina karatasi. Kwake yeye mpangaji mnunuzi si anasa. Ni mlango pekee uliobaki, na ndiyo maana inauma anapoumizwa hapo.

Mlango ulio salama zaidi ni wa taasisi. Shirika la Nyumba la Taifa, lililoanzishwa mwaka 1962, limejenga na kuuza nyumba mikoani, huku kusini tukiwamo. Watumishi Housing ilianzishwa hasa kwa ajili ya watumishi wa umma, na makato yanaweza kupita moja kwa moja kwenye mshahara. Uzuri wa taasisi si kwamba bei ni ndogo; mara nyingi si ndogo. Uzuri ni kwamba taasisi haifi, haina wajomba, na risiti yake inaandika malipo ni ya nini. Ubaya ni kwamba nyumba zake ni chache, na nyingi ziko mbali na huku kwetu.

Kwa hiyo wengi wetu tunaishia kwa mtu binafsi: mzee aliyestaafu, mjane, au kijana aliyejenga enzi za neema ya gesi. Mtakumbuka ile miaka ya mwanzoni mwa 2010, makampuni ya utafiti wa gesi yalipojaa mjini Mtwara, kodi za Shangani zikapanda kwa kasi na kila mwenye kiwanja akainua nyumba ya kupangisha. Wageni walipopungua, nyumba zikabaki na deni la mabati na saruji. Lindi nako habari za mradi wa gesi ya kimiminika pale Likong'o zimekuwa zikipandisha na kushusha bei za viwanja kwa miaka mingi. Mwenye nyumba wa namna hii anahitaji fedha ya kila mwezi, wewe unahitaji nyumba, mnakutana. Ni makutano ya haki kabisa. Lakini usikubali neno "bei tutaangalia ya wakati huo". Bei iandikwe siku mnayosaini, kwa tarakimu na kwa maneno, vinginevyo meli moja ya wageni ikitia nanga utajikuta unanunua nyumba ya bei ya dola.

Karatasi zenyewe

Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inataka makubaliano ya kuuziana haki ya ardhi yawe ya maandishi, au angalau pawe na kumbukumbu ya maandishi iliyosainiwa. Makubaliano ya mdomo, hata mbele ya mashahidi kumi, yanakuacha ukiomba huruma. Hapo ndipo mama wa Magomeni alipokwama. Makubaliano yalikuwepo, mashahidi walikuwepo, na maandishi pekee yaliyokuwepo yalisema kitu kingine.

Kabla ya kutoa kianzio, jua unayeingia naye mkataba ana haki ya kuuza. Kama nyumba ina hati, fanya upekuzi kwenye ofisi ya ardhi. Ofisi za ardhi za mikoa zipo Mtwara na Lindi, huna haja ya kusafiri. Upekuzi utakuonyesha hati ina jina la nani na kama imewekwa rehani. Hilo la rehani wengi hulisahau. Mwenye nyumba anaweza kuwa amekopea nyumba hiyohiyo, wewe unamlipa kila mwezi, yeye halipi benki, na siku moja mtu wa mnada anapiga kengele mlangoni kwako. Benki haikufahamu wewe ni nani.

Kama kiwanja hakijapimwa, tafuta historia yake: alinunua kwa nani, majirani wa pande zote wanasemaje, serikali ya mtaa ina kumbukumbu gani. Na kama ni nje kidogo ya mji, hakikisha kama hiyo ni ardhi ya kijiji, kwa sababu huko utaratibu ni mwingine na halmashauri ya kijiji ina sauti.

Kisha mke au mume. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hairuhusu nyumba ya familia kuuzwa bila ridhaa ya mwenzi. Mkataba aliosaini mume peke yake, mke hajui, unaweza kupingwa. Kwetu kusini ongeza na hili: familia nyingi za Kimakonde, Kimwera na Kimakua zimelelewa kwenye mila ambayo mjomba na wapwa wana neno kubwa kwenye mali, na familia za pwani zinagawa mirathi kwa sheria ya Kiislamu. Mwenye nyumba akifariki, watakaokuja mlangoni wanaweza kuwa watu usiowahi kuwaona. Mkataba halali haufi na aliyeusaini. Unarithiwa na mirathi yake, na msimamizi wa mirathi anawajibika kuutekeleza. Lakini lazima uwepo wa kumwonyesha. Kwa hiyo mshawishi mwenye nyumba amlete mwenzi wake na mtoto mmoja mkubwa wasaini kama mashahidi. Mzee muungwana hatakasirika. Akikasirika, umejifunza jambo kwa bei rahisi.

Kwa nyumba yenye hati, kuna kinga moja ambayo nasikitika watu hawaijui: unaweza kuomba zuio liandikwe kwenye daftari la Msajili wa Hati, kwamba una maslahi kwenye nyumba hiyo. Likishawekwa, mwenye nyumba hawezi kuiuza au kuiweka rehani kimyakimya. Wakili anaandaa, gharama yake ni ndogo ukilinganisha na kianzio.

Msimu wa korosho hauko kwenye kalenda ya dalali

Mikataba mingi ya nyumba imeandikwa kwa watu wa mshahara: tarehe 5 ya kila mwezi, kiasi kilekile. Uchumi wetu hauendi hivyo. Minada ya korosho huanza Oktoba, fedha inajaa mjini Novemba na Desemba, na ikifika Machi hata muuza vocha analalamika. Wenzetu wa Nachingwea, Liwale na Kilwa wanasubiri ufuta katikati ya mwaka. Hata asiye na mkorosho hata mmoja, kama huyu muuza samaki wangu, anapumua kwa pumzi ya msimu.

Na msimu nao hauna uhakika. Mwaka 2018 minada ilikwama kwa sababu ya bei, serikali ikaamua kununua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na malipo yakachelewa kwa wakulima wengi. Fikiria mwenye mkataba wa nyumba unaosema "ukichelewa mwezi mmoja, mkataba umevunjika na fedha zote hazirudi". Hapo hakuwa amefanya kosa lolote. Alikuwa kwenye orodha ya wakulima wanaosubiri kuhakikiwa ndipo walipwe.

Sentensi hiyo ya "fedha zote hazirudi" naifananisha na kangomba. Mtu ana njaa mwezi wa saba, anachukua fedha kidogo kwa mnunuzi wa pembeni, na korosho zikiiva anazitoa kwa bei ya kutupa. Hakulazimishwa na mtu. Alisaini kwa sababu siku ile hakuwa na nguvu ya kubishana. Mtu anayetafuta nyumba bila akiba naye hana nguvu ya kubishana, na mwandishi wa mkataba anajua.

Kwa hiyo omba mambo mawili. Kwanza, malipo yafuate msimu: kiasi kidogo kila mwezi, na kikubwa mwezi wa kumi na mbili. Pili, paandikwe siku za neema, angalau 60, kabla ya kuvunja mkataba, na paandikwe pia mkivunja, sehemu ya bei inarudi kiasi gani na lini. Sehemu ya kodi haitarudi, hiyo ni haki ya mwenye nyumba. Sehemu ya bei ni jasho lako kwenye nyumba yake. Wenye nyumba wengi niliozungumza nao hawakatai wakiombwa mwanzoni. Hukataa ukiomba siku ya ugomvi.

Yanayosemwa vijiweni

"Nimekaa miaka 12, nyumba ni yangu." Hapana. Miaka 12 ni muda wa kisheria wa kudai ardhi mahakamani, na aliyeingia kwa ruhusa ya mwenyewe, kama mpangaji, hawezi kuugeuza kuwa umiliki. Kukaa muda mrefu kwa kodi ni kukaa muda mrefu tu.

"Kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU yangu, kwa hiyo serikali inanitambua." Tangu 2021 kodi ya jengo inakatwa kwenye umeme, na anayenunua umeme ndiye anayekatwa. Mita haijui mmiliki. Kama mkataba wenu hausemi kodi hiyo ni ya nani, unamlipia mwenye nyumba kimyakimya.

"Mwenyekiti wa mtaa amegonga muhuri, imetosha." Muhuri wake ni ushahidi kwamba mlikutana na kukubaliana, na ni mzuri kuwa nao. Hauhamishi umiliki.

"Huu ni mkopo bila riba." Hapa watu wa pwani huwa na swali la imani pia, nami naliheshimu. Kwenye fedha za Kiislamu kuna utaratibu wa ijara inayoishia kwa umiliki, nao unafanana na jambo letu. Wanazuoni wanaouruhusu husisitiza kwamba mkataba wa kukodi na ahadi ya kuuza vitenganishwe, na kwamba muda wote wa kukodi, mwenye nyumba ndiye abebe mzigo wa umiliki, yakiwamo matengenezo makubwa. Si kila karatasi ya dalali imefuata hayo. Mpelekee sheikh wako mkataba wenyewe, si maelezo yake.

Na kwa Mwislamu au Mkristo, suala hilo la matengenezo ni zito. Shangani au Mikindani, upepo wa chumvi unakula bati na misumari, miaka michache tu rangi ya kutu inashuka ukutani. Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilipopita, Lindi iliona mafuriko na barabara ya Dar es Salaam ikakatika. Paa likienda, nani anaezeka? Mpangaji wa kawaida anamwita mwenye nyumba. Mnunuzi anaezeka mwenyewe. Mpangaji mnunuzi, kama haikuandikwa, anabaki amesimama katikati ya sebule akitazama mbingu, na mwenye nyumba akimwambia "si umesema ni yako?" Andikeni: matengenezo madogo yako, paa na kuta na msingi ni yake mpaka bei ifike nusu, au vyovyote mtakavyopatana. Na ukitaka kujenga uzio au kuchimba kisima kabla hujamaliza, pata kwanza saini kwamba mkataba ukivunjika gharama inahesabiwa.

Siku ya mwisho nayo ina gharama zake. Kuhamisha umiliki wa nyumba yenye hati kunahitaji uthamini, ridhaa ya ofisi ya ardhi, ushuru wa stempu na kodi ya ongezeko la mtaji, ambayo kisheria ni ya muuzaji. Nimeona watu waliomaliza bei wakakaa miaka bila hati kwa sababu muuzaji alisema hana fedha ya kodi hiyo. Iandikwe nani analipa nini. Nyaraka za uhamisho zinaweza kusainiwa mapema zikatunzwa na wakili mpaka malipo ya mwisho.

Kama una kipato cha mwezi na utakaa Mtwara miaka 10, naona mpangaji mnunuzi ni njia ya heshima. Kama kipato chako ni cha msimu na hujui mwakani utakuwa wapi, mimi ningekushauri ununue kiwanja kilichopimwa kwa awamu, upange chumba cha bei ndogo, na uinue pagale lako tofali kwa tofali. Pagale halina dalali, na halikufukuzi ukikosa mwezi mmoja.

Mama wa Magomeni hakwenda mbali. Mtoto mkubwa wa marehemu aliteuliwa kuwa msimamizi wa mirathi, wakakutana baraza la kata, ambalo siku hizi kazi yake ni kusuluhisha. Shahidi aliyemwokoa alikuwa fundi cherehani wa nyumba ya jirani, mpangaji wa mzee huyohuyo, ambaye daftari lake lilionyesha 100,000 kwa mwezi kwa nyumba inayolingana na ile. Familia ikakubali kwamba ile 100,000 ya ziada haikuwa kodi. Miezi 26, milioni 2.6. Bakaa milioni 15.4.

Nilikaa naye jioni ile kupiga hesabu. Alikuwa ameamini kwamba 200,000 zote zinakwenda kwenye bei, na kwamba miaka saba na nusu ingetosha. Kwa 100,000 kwa mwezi, bakaa ile ni miezi 154, karibu miaka 13. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akanituma dukani daftari jipya, na mkataba ukaandikwa na wakili kwa kurasa tatu, saini za ndugu wote zipo.

Daftari jipya lina mistari miwili ya wima aliyoichora kwa rula ya mjukuu wake. Safu ya kwanza imeandikwa Kodi, ya pili Bei, ya tatu Bakaa. Miezi ya kwanza inasomeka sawasawa: 100,000, 100,000, na bakaa inashuka polepole. Mwezi wa kumi na mbili, minada ikiwa imechangamka na wabeba mizigo wa maghala wakila samaki wake mchana na jioni, safu ya kwanza ni 100,000, ya pili ni 700,000.